Ziara ya Kituo cha Kusafisha Majitaka: Chekeche Linaeleweka, Tope Limesahaulika

Ziara ya wananchi katika kituo cha kusafisha majitaka ni huduma ninayoipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa wazazi na walimu, ingawa sehemu yake ya mwisho inahitaji kuandaliwa upya.

Sehemu bora kuliko zote ni chekeche la kuingilia. Nondo zake husimama wima ndani ya mfereji, na kila baada ya muda reki ya mashine hupanda ikiwa imebeba vilivyonaswa: vitambaa vya unyevu vya kufutia watoto, taulo za kike, vijiti vya kusafishia masikio, vipande vya mifuko. Mwongozaji alikishika kitambaa kimoja kwa koleo na kukivuta kwa nguvu, nacho hakikuchanika, kwa sababu vitambaa vingi vya aina hiyo vina nyuzi za poliesta, ambayo ni plastiki, wala haviloani na kusambaratika kama karatasi ya chooni. Akatueleza kuhusu bonge la mafuta na vitambaa lililogunduliwa mwaka 2017 kwenye bomba la majitaka la Whitechapel, London, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Sidhani kama kuna bango linaloweza kumfanya mtu aache kutupa kitambaa chooni kwa haraka kiasi hicho.

Kwenye matangi ya kupulizia hewa tulioneshwa jagi la kioo lenye maji ya kahawia yaliyojaa bakteria. Tope likatua taratibu, na juu yake yakabaki maji maangavu. Njia hiyo ya kusafisha maji kwa bakteria na hewa, iliyoelezwa na wanakemia Edward Ardern na William Lockett huko Manchester, Uingereza, mwaka 1914, ingali inatumika katika vituo vingi duniani. Ndipo mtoto mmoja akauliza kama bakteria hao hula plastiki pia, naye akajibiwa tu kwamba maji yanayotoka ni safi.

Swali lile lilistahili jibu kamili. Bakteria hao hula uchafu unaooza, si plastiki. Chembe za plastiki zisizofika milimita 5, zikiwamo nyuzi zinazotoka kwenye nguo za poliesta zinapofuliwa, nyingi hunaswa kwenye tope na zinazobaki hutoka na maji hadi mtoni. Kituo kizuri, basi, huiondoa plastiki majini bila kuiangamiza, na tope likitumiwa kama mbolea, plastiki huhamia shambani. Mwananchi anayerudi nyumbani akiamini kwamba mashine zimemaliza kila kitu hatakuwa na sababu ya kupunguza plastiki anayoitumia.

Filamu ya utangulizi, ambayo ni ndefu na imejaa sifa za uongozi, ingefupishwa ili muda wake utumike kwenye tope. Kwa sasa, anayepanga kwenda aombe mapema aoneshwe sehemu ya kukaushia tope, na avae viatu vya kufunika vidole, kwani sakafu ya chekeche huwa na maji.