CPU-Z: Programu ya kufungua kabla ya kununua kifaa cha kompyuta ya zamani

Anayetaka kuiongezea nguvu kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika miaka kumi au zaidi hukwama mapema, kwa sababu mara nyingi hajui hasa kilichomo ndani yake. Kibandiko cha nje hutaja jina la mashine tu, na karatasi zake zilishapotea. CPU-Z, programu ya bure ya kampuni ya CPUID inayotumika kwenye Windows, hulijibu swali hilo kwa muda mfupi, na baada ya kuitumia kwenye mashine kadhaa kuukuu naiona kuwa ndiyo ya kufunguliwa kwanza kabla ya fedha kutoka mfukoni. Ni ndogo, na toleo lake la zipu halihitaji kusakinishwa, hivyo hufunguka hata kutoka kwenye flashi. Sura yake ni ya kizamani, jambo ambalo kwa kazi hii halinisumbui hata kidogo.

Kichupo cha kwanza, CPU, hutaja jina la prosesa (chipu inayoendesha kazi za kompyuta) na, kwenye mstari wa Package, aina ya soketi yake, yaani nafasi inamokaa kwenye ubao mama, bodi kuu ya mashine. Hapa ndipo wengi huishia, na hapa ndipo hasara huanzia. Tuchukue soketi ya LGA 1151: ilitoka mwaka 2015 na prosesa za Skylake, kisha mwaka 2017 Intel ikatoa Coffee Lake zenye umbo lilelile la soketi, lakini zinazohitaji ubao mama wenye chipseti (chipu za ubao zinazosaidiana na prosesa) za mfululizo wa 300. Prosesa ya Coffee Lake hukaa sawasawa kwenye ubao wa mwaka 2015, kifuniko hufunga bila shida, lakini ukiwasha skrini haionyeshi chochote. Mstari wa Package husomeka vilevile kwa aina zote mbili, kwa hiyo anayeutegemea peke yake atapotea. (Wauzaji wa vifaa vilivyotumika hupenda kusema "itaingia tu", na kwa kweli huingia.)

Dawa ya hilo iko kwenye kichupo cha Mainboard, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye thamani kuliko vyote. Humo huonekana mtengenezaji wa ubao, modeli, chipseti, na toleo la BIOS (programu ya ndani ya ubao inayoiwasha mashine) pamoja na tarehe yake. Kwa mashine ya LGA 1155, kwa mfano, ubao wenye chipseti ya H61 unaweza kupokea prosesa za Ivy Bridge za mwaka 2012 iwapo mtengenezaji ametoa BIOS inayozitambua, ilhali chipseti za Q67 na B65 hazikupewa uwezo huo rasmi. Ukishaijua modeli kamili, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao, fungua orodha ya prosesa zinazokubalika, na usome safu inayoeleza kila prosesa inahitaji toleo gani la BIOS. Kama toleo lako ni la nyuma, BIOS isasishwe wakati prosesa ya zamani bado imo, kwani ukiitoa kwanza huenda mashine isiwake kabisa.

Kwa upande wa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kichupo cha Memory huwatia watu hofu isiyo na sababu: RAM ya DDR3-1600 huonyeshwa kuwa na masafa ya takriban megahezi 800, nayo ni sahihi, kwa kuwa data hupita mara mbili katika kila mzunguko. Kichupo cha SPD hueleza kila sloti ina kadi ya ukubwa gani, ya nani na ya namba ipi, ingawa kwenye baadhi ya mashine hubaki kitupu na hapo inabidi kusoma kibandiko cha kadi yenyewe. DDR3 ina pini 240 na DDR4 ina 288, tena mkato wake uko mahali tofauti, hivyo kuzichanganya ni vigumu. Mtego wa kweli ni RAM za seva za aina ya registered, ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia na huingia kwenye sloti za DDR3 kama kawaida, lakini mbao mama za kawaida za mezani hazizikubali.

Kasoro kubwa ya CPU-Z ni kwamba haisemi lolote kuhusu pawa saplai, kifaa kinachoigawia mashine umeme. Sloti ya PCI Express, ambamo kadi ya michoro huchomekwa, hutoa hadi wati 75, kiunganishi cha pini 6 kutoka pawa saplai huongeza 75 na cha pini 8 huongeza 150, na ili kujua kama viunganishi hivyo vipo ni lazima ufungue ubavu wa kasha utazame. Ukiwa hapo, pima pia nafasi ya kadi ya michoro, na uangalie plagi kuu ya ubao mama: kompyuta nyingi za maofisini hazina ile ya kawaida ya pini 24, hivyo pawa saplai ya dukani haitaunganika bila adapta.

Programu hii pia haitoi ushauri wowote wa nini kinunuliwe. Ina, hata hivyo, kitufe cha Tools kinachohifadhi ripoti nzima kama faili ya maandishi. Ni ndefu kupita kiasi, lakini modeli ya ubao, toleo la BIOS na namba za RAM zote zimo, na kumpelekea fundi faili hiyo kunaokoa maswali mengi.