Lenzi ya mkono kwa mwenye bwawa la perege

Lenzi hii ndogo ya kukunja niliinunua kwa shilingi 15,000 katika duka moja la vifaa vya maabara hapa Dodoma mjini, baada ya maji ya bwawa langu la perege kule Hombolo kugeuka kijani. Kwenye fremu yake imeandikwa kwamba inakuza mara 40. Si kweli. Nilipima kwa rula nikakuta kitu kinaonekana vizuri kikiwa sentimita 2.5 kutoka kwenye kioo, na kwa kuwa ukuzaji hupatikana kwa kugawanya sentimita 25, umbali wa kawaida wa jicho kuona kitu vizuri kwa karibu, kwa umbali huo, hiyo ni mara 10 tu. Nilipomweleza muuzaji alicheka: "Mzee wangu, zote ndivyo zinavyoandikwa."

Hata hivyo, mara 10 zinafaa kwa mengi, mradi lenzi uiweke karibu na jicho na mwani uutandaze kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo. Mwani wa kwanza ulikuwa unateleza vidoleni kama mlenda, na nyuzi zake hazikuwa na tawi hata moja, jambo linaloelekeza kwenye Spirogyra. Wa pili, nilioubandua kwenye jiwe la mlango wa maji, ulikuwa mkavukavu wa kukwaruza, nao chini ya lenzi ulionyesha matawi ya Cladophora. Mwani uitwao Hydrodictyon hauhitaji hata lenzi, kwa maana ni wavu kamili wenye matundu ya pembe tano au sita.

Utando ulionitia hofu ulikuwa ule wa pembeni, uliofanana na rangi ya mafuta iliyomwagika. Kijiti nilichochovya kilitoka kimepakwa rangi bila kuning'iniza uzi wowote, na lenzi ikaonyesha chembechembe tupu, kama za Microcystis, ambayo ni bakteria inayoweza kutoa sumu ya kudhuru ini. Mbuzi niliwazuia siku ileile.

Lakini Spirogyra na Zygnema, mwani mwingine wa nyuzi, lenzi hii haiwezi kuzitenganisha, kwa sababu kloroplasti (sehemu ya kijani ndani ya seli) ya Spirogyra iliyojizungusha kama skrubu, au zile mbili za Zygnema zenye umbo la nyota katika kila seli, huonekana kwa hadubini tu. Kasoro nyingine ni kioo kuchubuka upesi: vumbi letu ni mchanga, na upindo wa kanga ulitosha kukichora mistari. Sasa naisuuza kwanza, ndipo naipangusa.