Camel au S.E.5a: Rubani wa 1917 Angepanda Ipi?

Zote mbili ni ndege za Uingereza, zote ziliingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, na marubani wake walipaa bila parashuti. Undugu unaishia hapo.

Sopwith Camel ilikuwa kali. Injini yake ilizunguka nzima nzima pamoja na propela, na nguvu hiyo iliivuta ndege upande mmoja. Ikikata kona kulia iligeuka ghafla, adui wa nyuma akabaki anatafuta. Lakini ukali huohuo uliua wanafunzi wengi mazoezini, kabla hawajamwona Mjerumani hata mmoja. Tena injini ilitema mafuta ya nyonyo: yalimrukia rubani usoni, yakafunika miwani, na aliyoyameza yalimharisha, naye yuko angani kwenye baridi kali, hana paa.

S.E.5a ilitulia. Ilifika kama kilomita 220 kwa saa, Camel ikiishia karibu 185. Usumbufu wake ulikuwa bunduki ya Lewis iliyofungwa juu ya bawa. Risasi 97 zikiisha, rubani aliivuta chini na kubadili kasha kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye usukani, upepo ukimchapa.

Mimi ningepanda S.E.5a. Mwenye kasi ndiye anayeamua kupigana au kuondoka, na hilo lilimfaa sana rubani wa Uingereza James McCudden, aliyehesabiwa ushindi 57 wa angani, mwingi akiwa ndani ya S.E.5a. Julai 1918 S.E.5a yake ilianguka muda mfupi baada ya kupaa, akafa akiwa na miaka 23.