Mashine ya mabango ya hedi ya XP600: naipa 4 kati ya 5
Wakuu kwa kazi za stika na mabango ya mita 1.6 hii mashine naikubali sana, hedi yake (kile kichwa kinachonyunyiza wino) ya Epson XP600 ni bei rahisi ukilinganisha na hedi ya i3200 na kwa anayeanza inatosha, ila spidi ndogo, oda kubwa ya haraka utakesha nayo. Sasa utunzaji. Kila asubuhi printi nozo cheki (ile chapa ya kujaribu kama matundu yote ya hedi yanatoa wino) kabla hujagusa kazi ya mteja, ukiona mistari imekatika piga klini (mashine ijisafishe hedi yenyewe) moja au mbili basi, ukiendelea mfululizo unamaliza wino bure na mara nyingi shida wala haipo kwenye hedi, angalia kaptopu pale hedi inapolala, ule mpira ukigandiwa na wino pampu haivuti vizuri, ufute taratibu na klina, ile dawa ya kusafishia. Rangi ikianza fresh halafu inafifia katikati ya bango cheki dampa (kile kichujio kidogo wino unapopita kabla ya kuingia kwenye hedi), imeziba au imeingia hewa, badilisha tu ni bei ndogo. Na tafadhali sana usichomoe waya wa hedi mashine ikiwa na umeme, unaiunguza hapohapo.