Kriketi: jicho la mwamuzi au marudio ya video?

Rufaa ya mguu mbele ya wiketi (warushaji wanadai mguu wa mpigaji umezuia mpira uliokuwa ukienda kugonga wiketi, yaani vijiti vilivyo nyuma yake) humpa mwamuzi wa uwanjani nafasi moja tu ya kuona. Kwenye video, nahodha ana sekunde 15 za kuomba marudio. Mwamuzi wa tatu hukagua mguu wa mrushaji kwenye mstari, sauti ya mpira kugusa gongo, kisha njia ya mpira. Kwa mguso hafifu, video inashinda wazi.

Ila njia ya mpira baada ya kugonga pedi, kinga ya mguu, ni makadirio: chini ya nusu ya mpira ikigonga wiketi, uamuzi wa uwanjani hubaki. Na maombi huisha! Uwanjani Headingley, Uingereza, 2019, Australia hawakuwa na ombi lolote lililobaki. Mpigaji wa Uingereza Ben Stokes akanusurika, ingawa mchoro wa njia ya mpira ulionyesha mpira ukigonga wiketi.