Miezi tisa ya kusomea ufundi wa sauti Dodoma: nilicholipia na kazi nilivyoipata

Huu ni mwaka wa pili naishi kwa kazi ya sauti hapa Dodoma. Haipiti wiki bila kijana aliyemaliza kidato cha nne, au mzazi wake, kuniuliza kama chuo nilichosoma kinafaa. Jina la chuo naliacha, maana kuna walimu wawili pale walionifanyia wema ambao sitausahau, na baadhi ya nitakayosema si mazuri.

Kabla ya kulipa nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Taasisi ile ilianza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, na anayetaka kulala na kuamka katikati ya wapiga ngoma, waimbaji na waigizaji, huko ndiko kwenyewe. Mimi nilikuwa namuuguza mama, Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, kwa hiyo kuhamia pwani hakukuwezekana. Ya pili ilikuwa kubaki nyumbani na laptopu ya kaka yangu na video za YouTube. Nilijaribu miezi minne, nikaizoea programu ya Reaper hadi nikawa narekodi nyimbo za kwaya yetu. Nilipokwamia ni pale ambapo kitu hakipo kwenye skrini: spika za kanisani zilikuwa zinanguruma kila Jumapili, na sikujua hata nianze kushika wapi. Ndiyo nikaenda ya tatu, chuo binafsi, kozi ya miezi tisa.

Tulikwenda kukiangalia mimi na kaka, siku ya Jumamosi. Tukaonyeshwa studio yenye sponji ukutani, taa za bluu, miksa, yaani ile meza ya kuchanganyia na kurekebisha sauti, imefutwa inang'aa. Kaka akauliza kuhusu usajili wa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, tukaonyeshwa cheti cha usajili wa chuo. Tukaridhika, tukalipa kianzio siku hiyo hiyo. Hapo tulikosea mara mbili. Kwanza, Jumamosi hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja wa kumuuliza. Pili, usajili wa chuo ni kitu kimoja na kozi unayoisoma kutambuliwa ni kitu kingine. Inabidi uuhakiki na huo wa pili, kwa jina la kozi yenyewe, na uuhakiki NACTVET, si pale ofisini kwao.

Jumatatu ya kwanza darasani tulikuwa 28. Miksa moja ya chaneli 16, yaani njia 16 za kuingizia sauti, maiki sita za kawaida, na maiki moja ya kondensa, ile nyeti zaidi ya kurekodia, iliyofungiwa kabatini. Ada ilikuwa laki tisa, na wiki ya tatu ikatangazwa laki na nusu nyingine "ya studio" ambayo haikuwa kwenye fomu ya kujiunga. Iliniuma sana, kwa sababu mama alikuwa ameuza mbuzi wawili ili kutimiza ile ya kwanza.

Nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari nikaanza kuandika dakika. Kila nikigusa miksa kwa mikono yangu mwenyewe, naandika. Kutazama mwalimu akifanya sikuhesabu. Muhula wa kwanza ulipoisha nilikuwa na saa tatu na dakika arobaini. Miezi mitatu. Nilipolijumlisha lile daftari nililia, na sioni aibu kulisema.

Kilichoniokoa ni mwalimu mmoja, mzee aliyewahi kuwa fundi mitambo redioni. Nilimwonyesha daftari. Akalisoma lote, akasema, "Binti, mimi huwa nafika saa kumi na mbili asubuhi. Mlango utakuwa wazi." Tukawa wanne tunaofika alfajiri, na hadi kozi inaisha nilikuwa nimevuka saa sabini.

Yule mzee hakuanza na kompyuta. Alianza na geni, yaani kipimo cha kwanza kabisa maiki inapoingia kwenye miksa. Ukiiacha chini, utalazimika kupandisha baadaye na mvumo utapanda nao. Ukiizidisha, sauti inapasuka na hakuna fada, kile kitufe cha kusukuma cha kupandisha na kushusha sauti, itakayoirudisha. Akatufundisha kwamba maiki ya kondensa inahitaji volti 48 kutoka kwenye miksa na ile Shure SM58 ya kanisani haizihitaji. Akatufundisha kutafuta mngurumo. Umeme wetu unatetema mara 50 kwa sekunde, na vyombo vikipata ardhi kutoka soketi mbili zilizo mbali, mtetemo ule unaingia kwenye nyaya za sauti. Dawa yake ya kwanza ni kulisha miksa, amplifaya na kinanda kutoka chanzo kimoja cha umeme. Nilikwenda kanisani kwetu, nikahamisha plagi mbili, mngurumo wa miaka ukanyamaza. Kuna mafundi wanaokata pini ya ardhi kwenye plagi ili wapate ukimya ule ule. Tafadhali msifanye. Yule mwimbaji ameshika maiki ya chuma mkononi, na hitilafu ikitokea umeme utapita kwake.

Siku niliyoipenda kuliko zote ni ile aliyotupeleka kijiji kimoja cha Chamwino kurekodi akina mama wa Kigogo wakipiga muheme. Ngoma hiyo ina kiuno chembamba, mpigaji huibana mapajani na kuipiga kwa viganja. Tulitega maiki juu ya ngozi, tukapata kile kishindo kikavu cha kiganja, lakini ngoma haikuwa na tumbo, yaani ule mlio wake mzito. Tukaongeza maiki ya pili chini, kwenye mdomo ulio wazi. Tulipozifungua zote mbili pamoja, sauti ikakonda kuliko ilivyokuwa na moja. Mwalimu akanyamaza tu, akatungoja. Nikawaza: kiganja kikishuka, ngozi inaikimbia maiki ya juu na kuifuata ya chini, kwa hiyo mawimbi yao yanapingana. Nikabonyeza kitufe cha kugeuza polariti, yaani kulipindua wimbi la sauti juu chini, kwenye chaneli ya maiki ya chini. Tumbo la ngoma likaja lote, hadi kifuani. Nikamvalisha hedifoni mama mmoja wa makamo, akasikiliza huku amefumba macho, akaniambia, "Mwanangu, hii ndiyo ninayoisikia nikiwa nimeishika." Nilijua pale kwamba hii ndiyo kazi yangu.

Sasa ajira. Bango la chuo liliahidi kazi kwa kila mhitimu. Walichotoa ni barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, kisha ukatafute mwenyewe. Nilipata wiki sita redioni, nyingi zikaishia kupanga matangazo kwenye kompyuta. Nikahitimu, nikapeleka maombi sehemu kumi na moja. Hakuna aliyejibu.

Kazi ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja wa Majengo anayekodisha mziki kwa harusi na mikutano. Nilimkuta anashusha spika kwenye gari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

Nikamwambia nimesomea sauti, nikaanza kufungua bahasha ya vyeti. Hakuitazama. Akanirushia waya wa maiki wa mita ishirini uliojisokota, akasema, "Kunja huu." Kama hujawahi kufanya kazi utauzungushia kwenye kiwiko, na kila mzunguko unausokota moyo wa waya hadi unakatika ndani. Mimi niliukunja pete moja juu, pete moja chini, kama tulivyofanya kila alfajiri. Akaushika ncha, akautupa, ukanyooka wote bila fundo. "Kesho saa nane mchana, Kizota. Uje na viatu vya kufunika."

Nilianza kama deiwaka kwa elfu 15 kwa usiku, kazi ni kubeba na kutandaza nyaya. Mwezi wa nne nikawekwa kwenye miksa. Ilikuwa mkutano wa injili Nkuhungu, uwanja mrefu, na watu wa nyuma walikuwa wanalalamika kwamba mhubiri anasikika mara mbili. Spika za nyuma zilikuwa kama mita 34 kutoka jukwaani. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ile ya mbele ilikuwa inawafikia moja ya kumi ya sekunde baada ya ile ya nyuma. Nikaichelewesha ya nyuma kwa milisekunde 100, nikaongeza chache juu yake ili sikio limsikie mhubiri akitokea mbele. Manung'uniko yakaisha. Katika kamati ya mkutano ule alikuwepo mtu wa hoteli moja hapa mjini. Yeye ndiye aliyenipa kazi ya pili, na ya pili ikazaa ya tatu.

Kwa anayepanga maisha hapa, kazi zina majira. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti, mji unajaa, kumbi za hoteli zina semina kila siku, na kinachotakiwa ni maiki za mezani zisizopiga mluzi. Kiangazi ni mikutano ya hadhara na kwaya kurekodi. Kwaresima harusi za kanisani hukauka, uwe umeweka akiba. Na vumbi letu ni adui wa fada; miksa yoyote ninayoitumia ina kanga yake ya kuifunika.

Cheti kimeombwa mara mbili tu, na mara zote ni taasisi zilizotaka kukiweka kwenye faili kabla ya kunilipa. Bila hicho nisingelipwa, kwa hiyo sisemi hakina thamani. Kazi zote zilizobaki zilitoka kwa mtu aliyenisikia nikifanya kazi.

Je, ningerudi chuo kile kile? Kwa ajili ya yule mwalimu, ndiyo. Lakini amestaafu mwaka huu, na anayetaka kujiunga sasa aende katikati ya wiki, saa za mazoezi, asimame nje ya studio na kuwauliza wanafunzi wanaotoka: wiki hii umeishika miksa kwa dakika ngapi? Aulize pia maiki ya kondensa hukaa wapi, na nani ana ufunguo. Mimi nilijua jibu la swali hilo nikiwa nimeshalipa.