Lothagam: "ni mawe tu haya"

Nyota moja. Nimejizuia wiki kadhaa nisiandike na hasira lakini haitoki, wacha niseme.

Nilikodi gari Lodwar, jamaa akaniapia yeye si dereva tu, ni muongozaji wa wageni, na Lothagam, yale makaburi ya kale yenye nguzo za mawe karibu na Ziwa Turkana, ni kwake. Sawa. Tumechapwa na jua na mchanga mpaka tukafika, natoa simu nipige picha, nikigeuka namwona ameweka buti juu ya nguzo moja iliyolala anafunga kamba! Nikamwambia kaka toa mguu, hapa ni makaburini. Akacheka kabisa. "Madam, ni mawe tu haya, piga picha twende."

Mawe tu?? Hilo neno linaniuma mpaka leo. Hapo chini wamelala watu si chini ya 580 kwa makadirio ya watafiti, wafugaji wa kwanza kabisa wa eneo la Turkana, miaka kama 5,000 iliyopita, ziwa linarudi nyuma, mvua zimekataa, na bado walijenga jukwaa la mita kama 30 upana wakasimika nguzo, zingine zimetolewa karibu kilomita nzima, kwa mikono. Na kinachonitoa machozi, karibu kila mtu alizikwa na mapambo yake, mtoto na mzee, mke kwa mume, shanga za mawe ya rangi na za maganda ya mayai ya mbuni. Hakuna kaburi la mkubwa huku na la mnyonge kule, wote pamoja. Kaburi la nyanya yako ungelifanyia hivyo?

Sheria ya kulinda mahali kama hapa ipo, ile ya makumbusho na turathi ya 2006, lakini siku hiyo aliyesaidia ni mzee mmoja mchunga mifugo aliyekaa kivulini kwenye ekicholong yake, kile kigoda cha Kiturkana. Hakupiga kelele. Alisema maneno mawili matatu kwa Kiturkana, dereva akatoa mguu akainamisha kichwa.

Nilikuwa nataka kuwaambia msiende kabisa. Hapana, nendeni. Hiyo nyota moja ni ya gari, Lothagam yenyewe ni tano na hata tano hazitoshi, sijawahi kusimama mahali nikanyamaza vile bila kuambiwa. Ila tafuta mwenyeji wa hapo hapo, mlipe yeye, na kabla hujakanyaga muulize pa kupita.

Na wewe kaka kama unasoma hii, pesa zako nilikulipa zote. Wale wa chini bado hujawaomba radhi.